Kwa Ndani Hakuna pa Kushika

Mpendwa Salma, mke mwenzangu,

Najua hutaki nikuite hivyo mbele ya watu wa kazini kwako, lakini hawajui Kiswahili, kwa hiyo tulia. Babu yako alikuita mke mdogo tangu uko kwenye nepi, na amekufa hajamwacha hata mmoja wetu. Haya nayasema mie, anayeandika ni Rehema, yule Mtanga anayefanya kazi nyumba ya jirani, maana skuli unajua sikwenda. Nimemwambia asiyapambe.

Tangu uliponipigia Jumapili chakula hakinishuki. Nilikuuliza neno moja tu: ule mlango wenu utafunguka kwa ndani? Ukasema, "Inshallah, Bibi." Nikasema betri imeisha, nikakata simu. Betri ilikuwa imejaa.

Unakumbuka Ijumaa ile ulipokuja likizo, tunakula biriani, ukachukua sufuria na mfuniko wake unieleze kazi yako? Ukaniambia unatengeneza mlango wa chombo cha kupeleka watu angani. Nikakuuliza, "Sasa huko juu nani atafungua mlango atoke? Anakwenda dukani?" Ulicheka mpaka punje za wali zikakutoka puani. "Si huko juu, Bibi. Ni hapa chini, kabla hakijaruka, watu wamefungwa mikanda juu ya mafuta yote yale, moto ukazuka. Au kimerudi, kimeangukia baharini, maji yanaingia. Mtu mmoja aliye ndani lazima aweze kuufungua, na glavu zake mikononi, bila spana, bila kusaidiwa na mtu."

Ukasema kwenu kila kitu huandikiwa masharti, na neno "lazima" likishaandikwa, hakuna mkubwa wa kuliruka. Nikakwambia basi kazi hiyo nimekufundisha mie: lazima ule, lazima uoge, lazima usali. Ukajibu, "Ndiyo maana wameniajiri."

Na Jumapili, kwa sauti ya mtu aliyeufunika uso kwa mto wa kulalia, ukaniambia wakubwa wako wanataka kulitoa hilo "lazima" kwenye mlango. Vyuma vya kuufungulia kwa ndani ni vizito, na chombo kimeshazidi uzito. Wanataka waandike "ikiwezekana". Eti watu wa nje watakuwa karibu, watafungua wao. Aliyebaki kukubali ni wewe peke yako.

Watu wa nje. Babu yako naye alikuwa na watu wa nje, Salma.

Ulikuwa mdogo mno, lakini unajua. Lile ghala la samaki Al Qusais, kile chumba cha barafu. Kitasa cha ndani kilivunjika, akamwambia arbab wake, yule tajiri wa Kiarabu mwenye ghala. "Inshallah," akajibiwa. Akamwambia tena. "Inshallah, inshallah, yalla kazini." Mpaka babu yako akaona haya kuuliza, kama mtu anayedai zawadi. Ijumaa moja akarudi ndani kuvuta katoni ya mwisho. Wenzake wakadhani ametangulia msikitini, wakafunga, wakaenda kusali. Yule imamu namwombea mpaka leo, siku ile khutba yake ilikuwa fupi. Waliporudi walimkuta midomo imekuwa ya kijivu, na vidole viwili vya mkono wa kushoto hospitali wakavikata.

Ukampanda mapajani ukawa unavishika vilivyobaki, kimoja kimoja. "Babu, mbona hukufungua?" Akakwambia, "Kwa ndani hakuna pa kushika, mke wangu." Ulikwenda ukachukua kalamu ya wino, ukaingia ndani ya kabati langu la nguo, ukachora kitasa upande wa ndani wa mlango. Nilikufinya sikio kwa kuniharibia kabati, na ningekufinya tena. Yeye akasema, "Mwache. Huyu ananitengenezea pa kutokea."

Sasa sikiliza. Mambo ya uzito mie siyajui. Huenda wakubwa wako wana lao la maana, huenda pana hatari nyingine nisiyoiona. Na ukiwakatalia watakutoa, nawe hiyo kazi umeitamani tangu una meno ya utotoni. Hilo linanichoma. Nataka ubaki kwenye kazi yako, na nataka watu wale wawe na pa kutokea, na sioni kama vyote viwili nitavipata. Mama yako anasema nakuchosha. Mwache aseme, yeye alikuzaa tu.

Lakini ile inshallah usinipe mie. Hilo jina la Mungu mtu hulitaja akiwa ameshakunja mikono ya kanzu, yuko tayari kufanya la kwake. Yule arbab alilitaja ili asifanye. Nilipokusikia Jumapili nilimsikia yeye, kwenye koo la mtoto niliyemlea, na hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko kazi yako na chombo chako. Ukikubali, nipigie useme nimekubali, Bibi. Nitalia, kisha nitakuuliza umekula nini. Ukikataa, useme nimekataa, na chumba chako hapa Al Warqa kipo, nimekufulia na mapazia.

Kabati ninalo bado, mama yako amechoka kuniambia nilitupe. Jana nilipitisha mkono katikati ya madera nikakipapasa kile kitasa chako. Wino umefifia, lakini kipo. Kizuri, umekichora hata na skrubu zake.

Nikajaribu kukivuta. Hakifungui kitu, Salma.

Nakubusu penye paji. Kula, tafadhali.

Bibi yako,
mke mkubwa