Dua ya Pongezi

Buyenzi, 20 Julai 1998

Dada Houda,

Nakusalimu pamoja na wote wa Kigoma. Sisi tu wazima, ila mchele umepanda tena.

Redio imemtaja mume wangu Seifu kuwa mbunge wa kuteuliwa, bila yeye kuulizwa. Alitaka kukataa, abaki mwanasheria wa wizara mpaka tupate njia ya kukimbilia kwako. Lakini majirani walifika na tende, baba mkwe akasoma dua, na Seifu akaitika amina.

"Sasa utakataa namna gani, mutoto wangu?" mzee akamwambia. "Watasema uko na waasi."

Leo askari wawili wanatulinda. Nilipotoka kwenda sokoni, mmoja akachukua bunduki, akaniita mke wa mbunge kwa Kifaransa chao.

"Madamu depite, tunaenda wote."

Chumba ulichotuwekea, mpe mpangaji.

Mdogo wako,
Mwanne