Abti, Uliliona Kweli Lile Gongo?

Mpendwa Abti, kaka wa mama yangu,

Mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na bado nakushuku.

Unaikumbuka fainali ya besiboli ya shule, hapa Garissa, ambayo mshindi angekwenda Nairobi. Wewe ulikuwa refa wa kituo cha kwanza. Mimi nilikuwa mpigaji wa mwisho, na kosa moja tu lingenitoa. Mpira ulikuja nje ya eneo la kupiga, nikaanza kuzungusha gongo, kisha nikajizuia. Gongo likizuiwa mapema si kosa. Likipita, ni kosa. Refa aliyekuwa nyuma yangu alisema sikupiga. Mdakaji wao akamwomba akuulize wewe uliyeona kutoka ubavuni. Ukainua ngumi: nimepiga. Tukashindwa.

Asubuhi ile nilikuwa nimekuona ukinywa chai na mwalimu wa timu ile nyingine, mkicheka. Halafu watu wakaanza kukusifu kwamba wewe ni refa asiyejua mpwa. Hapo nikashuku zaidi: labda ulinitoa ili jina lako libaki safi.

Baada ya laasiri nilikufuata nyumbani nikakuuliza ulikuwa unatazama gongo au watu. Ukaweka kikombe chini.

"Wallahi gongo ilipita. Mimi niliangalia hiyo peke yake."

Lakini ulisema hivyo huku ukitazama mlango. Tangu hapo nilikuja kwako kila Idi, nikala, nikaondoka mapema. Uliona, na hukuniuliza.

Sasa mimi ni mwalimu Balambala, na mwezi uliopita nilisimama kituo hicho hicho nikiwa refa. Mkimbiaji alichomoka, macho yangu yakaenda kwenye miguu yake. Nilipogeuka, refa mwenzangu alikuwa ameninyooshea kidole niseme kama gongo limepita, na uwanja mzima ukinitazama. Sikuwa nimeona chochote. Nikainua ngumi. Mpigaji aliponiuliza baadaye, nilimwambia niliona vizuri kabisa. Ilitoka kwa urahisi wa kutisha.

Kwa hiyo sikushuku tena kwa ile chai, wala kwa jina lako. Nashuku hukuona, Abti. Ungeniambia tu. Ningekasirika wiki moja, yakaisha.

Jumatatu nilimtafuta yule mpigaji nikamwambia ukweli, kwamba sikuona.

"Mwalimu," akasema, "nani amekutuma useme hivyo?"

Allah akurehemu.

Mimi, mtoto wa dada yako