Mzazi kwenye Fomu ya Theresia

Morogoro mjini,
3 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Yakobo,

Shikamoo mjomba. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na mama Raphael na wote wa nyumbani. Mimi sijambo, mafua tu ya masika. Vipi masikio? Yale matone ya hospitali yamesaidia chochote, au bado mama Raphael anakuandikia kwenye daftari hata akitaka chumvi?

Mjomba, kaa chini kwanza. Nimechaguliwa kuwa katibu wa chama cha wanafunzi! Nimemshinda kijana mmoja aliyegawa fulana na soda. Mimi niligawa maneno tu, na unajua hayo nimerithi kwa nani.

Sasa kuna jambo. Bodi ya chama inakaa karibu kila siku jioni, kwa hiyo nimeacha kazi yangu ya duka la pembejeo, ile iliyokuwa inanilisha. Na mazoezi ya shambani nitakayokosa nitayarudia kwa muhula mzima wa ziada. Lakini mwaka huu chuo kimeanzisha mfuko wa kusaidia wanafunzi wanaokaa kwenye bodi, wale ambao kwao hakuna uwezo. Mfuko unalipa chumba, chakula na huo muhula wa ziada. Bila mfuko huo siwezi kabisa, mjomba. Itabidi niache uongozi, na hata masomo sijui nitayamalizaje, maana dukani wameshaajiri mwingine.

Fomu nimemkabidhi Wilfred, dereva wa gari la mboga. Ijaze ile sehemu ya nyumbani, weka sahihi, mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri. Mwisho ni tarehe kumi.

Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Theresia

*

Mgeta,
7 Machi 2025

Kwa mwanangu Theresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Karoti zinaoza ardhini na barabara imekuwa uji. Masikio yamekufa, tusiyaulize tena. Mama Raphael anasema nimepata raha, sisikii tena anavyonisema.

Katibu! Nimeisoma barua yako kwa sauti kubwa kwenye uwanja wa kanisa, watu wakashika masikio yao. Babu yako alikuwa mkata shauri wa ukoo, mama yako marehemu Judith alikuwa katibu wa ushirika wa mboga, nawe sasa. Damu haikupotea njia.

Fomu nimeijaza kwa mwandiko wangu wa misheni, usiwe na wasiwasi. Wameandika "mzazi au mlezi, kata isiyohusika". Nimekata mlezi kwa mistari miwili. Mlezi ni wa mtoto wa kuokota. Pa jina la mzazi nimeandika Yakobo, jina langu lote mpaka la babu. Pa idadi ya watoto nimeandika saba: wewe na kaka yako, na wale watano wa mama yako mdogo. Hawa niliozaa mimi na mama Raphael sikuwaandika. Hao ni wa ukoo wa mama yao, mjomba wao ana kalamu yake.

Ili nisikuchoshe, nimemwambia Wilfred bahasha asikupe wewe, aifikishe mwenyewe ofisini kwa mshauri wa wanafunzi. Imefungwa kwa gundi, imegongwa muhuri mara mbili.

Fanya kazi, usijibizane na wakubwa.

Mjomba wako,
Yakobo

*

Morogoro mjini,
22 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi si salama, na nisamehe kama mwandiko hausomeki.

Nimeitwa ofisini leo. Nilienda nikicheka, nikidhani naenda kusaini pesa za mfuko. Nikakuta watu watatu wamekaa, hakuna aliyejibu salamu yangu. Mezani walikuwa wameweka karatasi mbili. Moja ni fomu yako. Nyingine ni ile niliyojaza nilipoanza chuo, yenye cheti changu cha kuzaliwa: baba ni Mikaeli, yuko hai, ana watoto wawili. Ya kwako inasema mzazi ni Yakobo, ana watoto saba. Mama mmoja akaniuliza taratibu, "Binti, una baba wangapi?"

Wanasema nimetafuta mzee wa kujifanya baba ili nionekane wa familia kubwa na masikini. Wanaita kughushi. Tarehe 15 Mei nitasimama mbele ya kamati ya nidhamu, na adhabu ya kughushi ni kufukuzwa chuo. Hawasemi kunyimwa msaada wala kuvuliwa ukatibu. Wanasema kufukuzwa, mjomba, na nimebakiza mwaka mmoja!

Nilijaribu kueleza kwamba kwetu mtoto ni wa mjomba. Mmoja akaandika kitu, hakuniangalia usoni.

Wanataka baba mwenyewe afike, aseme yeye ni nani na wewe ni nani. Najua hamjasalimiana miaka kumi na miwili. Najua yaliyopita. Lakini wewe ndiye mkubwa, mjomba. Mtumie neno. Yuko Dumila, anaziba pancha karibu na njia panda, kila mtu pale anamjua.

Nakuomba.

Mpwa wako,
Theresia

*

Mgeta,
25 Aprili 2025

Kwa Theresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Bado siamini kilichoandikwa.

Mimi, Yakobo, mwongo? Nani alikupeleka darasa la kwanza na kiatu kimoja kimeshonwa kwa waya? Nani alikaa hospitali siku kumi na tisa ulipougua homa ya uti wa mgongo? Ada ya sekondari ilitoka kwenye kabichi za nani? Halafu mtu wa kiti cha kuzunguka anauliza una baba wangapi! Mwambie unaye mjomba mmoja na anatosha.

Lakini kwa yule mtu wa Dumila siendi, wala simwandikii. Nisikilize vizuri. Mama yako alipofariki, baada ya arobaini ukoo ulikaa, ukamwambia Mikaeli arudi kwao Turiani, kwa sababu shamba na nyumba vilikuwa vya dada yangu, yaani vyetu. Ndiyo desturi. Hata mimi, mama Raphael akitangulia leo, kesho nafunga godoro langu, maana nalala kwenye ardhi ya ukoo wake. Yeye badala ya kuondoka kiungwana alisimama uwanjani akasema mbele ya wazee kwamba Yakobo amemwibia mke akiwa kaburini na sasa anamwibia watoto. Neno hilo nililisikia, masikio yalikuwa bado mazima. Nilimwambia: kuanzia leo huna mtoto hapa.

Sasa nikamwombe aje kuwa baba? Hapana.

Nitakuja mimi mwenyewe, na barua ya mwenyekiti wa kijiji.

Mjomba wako,
Yakobo

*

Morogoro mjini,
29 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwamba utakuja. Afya yangu si mbaya, ila usingizi hakuna na chakula hakipiti.

Nitasema hili mara moja, halafu utanisamehe au hutanisamehe. Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, na baba, na wazee wote waliokaa siku ile. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya matenga nikamwona baba anabeba godoro kichwani kwenye mvua, na hakuna mtu aliyenieleza kitu. Nimekupenda siku zote, mjomba, na bado nakupenda, lakini sasa ugomvi wenu ndio unaonitoa chuoni.

Nimemwandikia baba mwenyewe. Hajajibu. Nimetuma ujumbe wa pili kwa dereva wa bodaboda wa pale, akasema ameufikisha, na kwamba mzee aliusoma, akaukunja, akaendelea kupiga pampu.

Kama akija atasema nini, sijui. Akiwa na kinyongo, neno moja tu linatosha kunimaliza. Akisema "mimi ndiye mzazi, yule mzee simtambui", basi fomu ni ya uongo na mimi nimekwisha.

Tarehe 15, saa tatu asubuhi. Vaa koti.

Mpwa wako,
Theresia

*

Mgeta,
17 Mei 2025

Kwa Theresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, gari lilikwama mara mbili tu.

Niliondoka bila kukuaga kwa sababu ningekaa dakika moja zaidi ningefanya jambo la kunipeleka jela. Ulikuwa bado ndani unasaini makaratasi, na Wilfred alishawasha gari.

Mwanangu, nimeona kwa macho yangu. Nilikaa kwenye ule ukumbi kama gogo, midomo inacheza, mimi sisikii hata moja. Barua ya mwenyekiti waliisoma wakaiweka pembeni. Halafu mlango ukafunguka, akaingia Mikaeli. Nilishtuka mpaka fimbo ikaniponyoka. Amezeeka. Mikono imejaa grisi, hata shati la kubadilisha hakuwa nalo. Akasimama mbele ya wale watu, akazungumza muda mrefu, akageuka, akaninyooshea kidole. Mimi! Wote wakanitazama. Akaendelea kunisema, kidole hakishuki. Nawe nilikuona unalia, umefunika uso. Kisha wakamsogezea karatasi, akasaini. Nikajua ametumaliza. Amesubiri miaka kumi na miwili apate siku yake, na ameipata kwenye mgongo wako.

Nje, pale kwenye ngazi, alinifuata akanyoosha mkono eti nimpe mkono. Nilimtemea mate miguuni. Watu waliona. Nikamwambia alichostahili kuambiwa, kwa sauti yangu yote, mpaka mlinzi akanishika bega. Alibaki amesimama na mkono wake.

Sijutii. Niambie tu wamekupa siku ngapi kufungasha, nimtume Wilfred.

Mjomba wako,
Yakobo

*

Morogoro mjini,
20 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikapiga kelele, mwenzangu wa chumbani akadhani kuna msiba. Tafadhali kaa chini.

Sijafukuzwa. Mimi bado ni katibu, na msaada wa mfuko unaanza mwezi ujao, chumba, chakula na muhula wote. Kwa sababu ya baba, mjomba. Nisome polepole.

Alipoingia walimuuliza, "Wewe ni nani wa huyu binti?" Akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa." Mwenyekiti wa kamati akasema, "Kwa hiyo hii fomu ni ya uongo." Baba akasema, "Hapana. Hiyo fomu ni ya kweli. Mzazi wake ni yule mzee pale." Ndipo alipokunyooshea kidole.

Akawaeleza. Nayaandika kama alivyosema, maana sitayasahau. "Kule mlimani kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wa ukoo ndiye mzazi. Mimi nilioa pale, najua. Mke wangu alipofariki nilitolewa, na jinsi nilivyotolewa sijakubali mpaka leo, nasema mbele yake ingawa hasikii. Lakini yule mzee hakudanganya. Aliandika watoto saba kwa sababu anawalisha saba. Huyu binti amekula kwake, ameugua kwake, amesoma kwake. Mimi kwa miaka kumi na miwili sijampelekea hata daftari. Niliambiwa sina mtoto, nikakasirika, nikakubali. Kati yetu wawili mwenye kosa la kughushi ni mimi, kama nikijiandika mzazi leo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa anakusema muda wote ule, mjomba. Mimi nilikuwa nalia kwa hilo.

Na ile karatasi aliyosaini, wanasheria wa chuo waliiandika palepale. Inasema kwamba kwenye kumbukumbu zote za chuo mzazi wangu anayetambulika ni wewe, na jina lake yeye linafutwa. Walimuuliza mara mbili kama ameelewa. Akasema ameelewa. Mkono ulikuwa na grisi, akaomba kitambaa kwanza asichafue jina langu.

Nilipotoka nje wewe ulishaondoka. Nilimkuta baba amekaa kwenye ngazi anafuta kiatu kwa jani. Nikamuuliza kuna nini. Akasema amekanyaga matope. Hakuniambia, mjomba. Nimejua leo, kwenye barua yako.

Alikataa chai. Alisema ameacha tairi la mteja halijazibwa.

Sina la kukufundisha, wewe ni mkubwa wangu. Ila nimeona ujue.

Mpwa wako,
Theresia

*

Dumila,
24 Mei 2025

Kwa mwanangu Theresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima.

Nakuandikia nikiwa kwa baba yako. Barua yako niliipata jana jioni. Mama Raphael aliniona nimebadilika rangi, akaichukua akaisoma, naye akakaa chini. Leo alfajiri nimeshuka na Wilfred, nikapanda basi.

Nimefika saa nne. Sasa ni saa nane. Aliponiona aliweka chini spana, akafuta kiti kwa mkono wake, akaninunulia chai na maandazi kwa mama wa jirani. Hakuuliza nimefuata nini. Chai imepoa, nimeshindwa kuinywa. Yeye anaziba matairi ya watu, kila mara ananitazama, anatabasamu kidogo, anaendelea.

Mimi ndiye ninayesema kwenye misiba ya watu na kwenye ndoa za watu. Nimepatanisha mipaka ya mashamba mlima mzima. Leo nimefungua mdomo mara tatu, hakuna kilichotoka. Nikimwangalia naona ule mkono alionyoosha.

Naona aibu, Theresia. Sijawahi kuiona namna hii.

Barua hii namkabidhi kondakta wa basi la Morogoro, ataileta leo leo. Mimi siondoki hapa mpaka nipate jibu lako. Wewe ni katibu, umesoma, unajua maneno. Niandikie nimwambie nini mtu huyu.

Mjomba wako,
Yakobo