Namba Kumi na Mbili

Sanyuanli, Guangzhou

Wifi yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Hujambo, na presha imeshuka? Kaka yako anakula vizuri, au ndiyo chai na mkate tangu niondoke? Mimi ni mzima, ila chumba kimekuwa kimya mno. Napika wali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Nimerudi kutoka Peru wiki iliyopita. Ndiyo, Peru, mimi niliyeishia la saba. Tiketi alinikatia Zuhura kwa mshahara wake. Pale Shisanhang, soko la nguo, nilimwonyesha picha laoban wangu, yule bosi ninayechukua magauni kwake, mpaka akasahau wateja. Nikamwambia huyu mwanangu ndiye anayepima barabara milimani. Wanaume wazima wanashika fimbo tu, yeye anachungulia kwenye chombo na kusema sogeeni kushoto.

Basi siku ya tatu ikambidi aende kazini. Alfajiri akanipeleka kwa gari mpaka juu, kwenye magofu ya watu wa kale wa milima ya Andes, akanipa chupa ya maji na karatasi. Njia yote ameiandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, namba moja mpaka kumi na mbili, nizunguke peke yangu, naye atanikuta chini alasiri. "Namba mbili: Mama, shika ukuta huu. Hauna udongo wala saruji, na wembe haupiti." Nikajaribu ukucha, haukupita. "Namba tano: matuta haya ni kama yetu ya Lushoto, ila ni ya mawe. Kaa, upumue." Maana huko juu, wifi, pumzi ni ya kuomba. Akaja mnyama wao, ngamia aliyenyimwa nundu, akanitazama kama kwamba mimi ndiye kioja. Wageni wengine walikuwa na mtu wa kuwaongoza, wamemlipa. Mimi naongozwa na mwanangu. Nikawa naisoma karatasi kwa sauti ili wajue.

Namba kumi na mbili ilikuwa mlango wa mawe, nyumba yenyewe haipo tena. Hapo hakuandika habari za mawe. Aliandika: "Mama, kuna mtu anataka kuniposa. Ni wa huku, mpimaji mwenzangu, na yuko tayari kusilimu. Shangazi yuko mbali, na wewe uso kwa uso nakuonea haya. Ukishuka, niambie tu kwamba umefika hapa, nijue nina radhi yako."

Nilikaa pale mpaka kivuli kikanihama. Mwanaidi, mimi nilikwenda kumrudisha. Mtaa mzima nimeutangazia kwamba Zuhura anarudi mwaka huu.

Chini nikamkuta amenunua mahindi ya kuchemsha, punje kubwa kama meno ya farasi.

"Umefika mpaka mwisho, mama?"

"Miguu iliniishia kumi na moja, mwanangu."

"Pole, mama," akasema, akanimenyea hindi. Hakuuliza tena, hata uwanja wa ndege.

Sasa kila siku anapiga simu kuuliza miguu inaendeleaje. Nasema bado. Nikitoka sokoni sina wa kumwambia. Wenzangu wa huku wananijua kwa kujisifu, nitaanzia wapi?

Nisalimie mama mkwe, aliyemlea Zuhura mimi nikiwa safarini, na mdogo wangu fundi cherehani, na jirani anayenitazamia kuku.

Wifi, neno la mtoto wa kike huingia nyumbani kwa mlango wa shangazi, na shangazi ni wewe. Mpigie Zuhura leo. Kaka yako utamwingia taratibu baadaye, akishakula. Mimi siwezi, nikisikia sauti ya mwanangu nitasema tena miguu. Mwambie mama yake alifika.

Wifi yako akupendaye,
Mama Zuhura