Fundo Nililomfungia Mama

Ijumaa, 6 Julai 2018

Siku ya kupumzika, na mimi nimerudi kazini kwa hiari yangu, bila sare. Wenzangu wa chumbani kule Muhaisnah, hapa Dubai, wamenicheka. Nimejiandikisha kwenye kitabu cha wageni, kilekile ninachokilinda mlangoni mwa jengo hili siku sita kwa wiki. Penye jina la mwenyeji nimeandika madam Keiko, Mjapani wa ghorofa ya nne. Kila Ijumaa anafundisha watu kufunga zawadi kwa desturi ya kwao, hapo ukumbini chini. Ameniona nikichungulia tangu Machi. Leo mwanafunzi mmoja hakuja, madam akaniita niketi.

Kamba zao ni karatasi iliyosokotwa, nyembamba kama tambi, nyekundu na nyeupe. Kwanza unazipitisha vidoleni zilainike. Nikasahau nilipo, nikaanza kuisokota yangu pajani, kama Mama anavyosokota katani ya vyondo, vikapu vya kwetu. Madam Keiko akaja kutazama kamba. Wengine wakatazama paja. Nimeona aibu. Na fahari pia.

Mama ametoka hospitali jana. Nimonia imeisha. Mungu ni mwema.

Jumapili, 8 Julai

Nimemnunulia Mama sweta la kijani, zito. Karatasi nyeupe, kamba tano. Mwende wa kitanda cha juu anakwenda likizo kwetu Machakos kesho, atampelekea.

Nimechagua fundo la kipepeo. Ukivuta ncha moja tu, limefunguka. Vidole vya Mama vimekakamaa kwa kusuka. Nimelifunga na kulifumua mara saba mpaka mbawa zikalingana.

Mwende amepiga kelele: "Yalla, leta hiyo kitu, begi inafungwa! Kwani ni posa?"

Ijumaa, 13 Julai

Madam Keiko ameuliza zawadi yangu ilikuwa ya nini. Nimemweleza huku nacheka. Uso wake ukabadilika. Hakutaka kusema, nimemlazimisha.

Kwao fundo la kipepeo, kwa kuwa hufumuka na kufungwa upya, ni la mambo unayotaka yarudi tena na tena. Mtoto akizaliwa. Mtu akipanda cheo. Aliyepona hufungiwa fundo jingine, lisilofunguka, ili ugonjwa usirudi.

Amesema ni mila tu, nisijali. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa mtoni. Sijali.

Ninajali. Mwende alifikisha mzigo Jumanne. Maji yamekwisha kumwagika.

Jumatano, 18 Julai

Imerudi.

Dada yangu Ndunge amepiga simu. Mama anapumua kwa shida, wamemrudisha wodini. Nimemchukia madam Keiko, naye hana kosa. Nimejichukia zaidi. Siku nzima nimewafungulia watu mlango nikitabasamu, na moyoni ni fundo, fundo, fundo. Nilitaka kumwambia Ndunge aichome ile kamba. Nimeogopa. Angesema Dubai imenitia ushirikina.

Alhamisi, 19 Julai

Nimeomba ruhusa niende nyumbani. Msimamizi amesema likizo yangu ni Desemba, lakini ataongea na ofisi, inshallah. Inshallah ya mtu mcha Mungu naiheshimu. Ya ofisi naijua. Pasipoti yangu iko kwao.

Jumamosi, 21 Julai

Mama amefariki asubuhi. Nilikuwa zamuni.

Jumatatu, 23 Julai

Ruhusa imekataliwa. Khalas, basi. Hakuna wa kushika zamu yangu mlangoni. Mlango wenyewe kila mkaazi ana kadi yake ya kuufungua!

Madam Keiko ameshuka. Sijui nani alimwambia. Amesimama kando ya meza yangu muda mrefu, mikono ameikunja mbele. Watu wanaingia, wanatoka, yeye yupo. Nilitaka kumfukuza. Alipoondoka nikatamani arudi.

Ijumaa, 27 Julai

Wamemzika jana. Ndunge alinishikia simu karibu na kaburi, nikasikia upepo zaidi kuliko mchungaji.

Sikwenda darasani. Nimefua sare zote mbili.

Jioni tumeongea, mimi na Ndunge. Nimemwuliza lile swali nililoliogopa. Mama alilifumua fundo lini?

Hakulifumua. Aliiweka zawadi juu ya kabati, akawa anawaonyesha wanawake wa jumuiya: mwanangu amefunga hii kwa mkono wake. Ndunge alimsihi, Mama fungua, kama ni nguo uvae. Akakataa. Alisema atalifungua aliyelifunga, akija Desemba.

Basi halikuwa fundo lililomrudishia ugonjwa. Nilidhani nikijua hivyo nitapumua. Nimelia kuliko siku aliyokufa. Mama yangu alitetemeka kwa baridi, na sweta liko juu ya kabati likinisubiri.

Ndunge ameuliza kama wanitunzie sweta hivyo hivyo, bila kulifungua. Nimemwambia hapana. Avute ncha moja, alivae yeye. Julai kwetu kuna baridi.