Tako la Jemadari

Liesbet, weka chini hizo chipsi usije ukapaliwa 😭

Si unajua kabla ya kusafisha jiwe lazima tujaribu dawa mahali pa kificho? Basi ile sanamu ya Jemadari Godfried pale juu ukutani kwa ukumbi wa jiji tunaousafisha, nyeusi tii kwa masizi, nikaijaribu takoni. Nani atachungulia huko?

Meya! MEYA, shoga! Tako linatazamana na dirisha lake!

Kaniita ofisini. Jemadari mweusi, tako moja linang'aa kama yai. Nikajua kazi sina.

"Umefanya wewe?"

"Ndiyo, mama."

Anatazama tako. Natazama tako.

"Nimeipenda hiyo rangi. Jengo zima lifanane nayo."

Liesbet! Kesho mafundi wote wanapanda jukwaani kwa zamu kulikagua. Ndiyo sampuli rasmi ya jiji.