Upako wa Pasipoti

Mama,

Subira haivuti heri. Heri ilikuja yenyewe, nasi tukaimwagia mafuta.

Chakula cha mdogo wangu Wechuli nimekifunika. Asitoke bila sweta.

Viza ilikuwa imekubaliwa. Ubalozi ulitaka tu niwapelekee pasipoti leo ibandikwe stika, nikaanze kazi ya uuguzi Ujerumani. Asubuhi nimeifungua mbele yako, kurasa zote zimelowa mafuta. Ukaniambia, "Mchungaji aliipaka upako Jumapili, mwanangu, ili milango ifunguke."

Mama, stika haishiki kwenye karatasi yenye mafuta. Na pasipoti iliyoharibika hawaipokei. Nilipokuuliza kwa nini hukuniambia, ulijitwika mitumba yako ukaenda sokoni Kibuye.

Naenda uhamiaji kuomba nyingine, ingawa najua kazi haitaningoja. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala kwa Anti Nasike, Bondo. Usinipigie.

Omena iko jikoni. Nimeikaanga kwa yale mafuta ya upako yaliyobaki, chupa nzima. Mwambie Mchungaji. Siombi msamaha, leo wala Jumapili.

Binti yako mkubwa,
Nelima